Shamba la Zinzendorf

Ijumaa kwenye kesha niliahidi kuwaeleza habari za Nikolaus Ludwig von Zinzendorf. Nitasema ukweli: habari zake zimeninyima usingizi, kwa maana kwetu nyumbani sisi ndugu hatusalimiani tangu tumzike baba. Ni shamba tu. Ekari mbili.

Zinzendorf alizaliwa Dresden, Ujerumani, mwaka wa 1700, katika ukoo wa makabaila. Babu yake alikuwa ameacha mali ya ukoo kule Austria kwa sababu ya imani yake ya Kilutheri. Baba yake alifariki mtoto akiwa na wiki sita hivi, akalelewa na nyanya yake, mama wa maombi. Mwaka wa 1722 akanunua kwa nyanya huyo mashamba ya Berthelsdorf, huko Saxony, na mwaka huo huo akamwoa Erdmuthe.

Hata hajatulia, wakimbizi hao! Walikuwa watu wa Moravia walioteswa kwa imani yao, wakiongozwa na seremala Christian David. Wakapewa mahali pa kujenga kwenye shamba lake, na kijiji kikaitwa Herrnhut, yaani ulinzi wa Bwana.

Sasa msidhani ilikuwa mbinguni. Kufikia 1727 walikuwa zaidi ya 200, na ugomvi wa mafundisho ukawa umewatafuna. Kuna hata aliyemwita mwenye shamba yule Mnyama wa Ufunuo! Mwenye shamba angeweza kuwafukuza wote. Lakini aliacha shughuli zake za serikali kule Dresden, akaja kukaa nao, akawa anaingia nyumba hadi nyumba akiwapatanisha. Mwezi wa Mei wakakubaliana kanuni za kuishi pamoja. Tarehe 13 Agosti, kwenye Meza ya Bwana, Roho Mtakatifu akawashukia. Waliokuwa hawaongei wakakumbatiana wakilia.

Mwezi huo huo wakaanza maombi ya zamu, usiku na mchana, yakaendelea zaidi ya miaka 100. Mwaka wa 1732 wakatuma wamishonari kwa watumwa wa kisiwa cha St. Thomas, kule Karibi. Mwaka wa 1891 Wamoravia wakafika Rungwe, hapa jirani Tanzania.

Yeye mwenyewe ilimgharimu. Mwaka wa 1736 serikali ya Saxony ilimfukuza, akatangatanga zaidi ya miaka kumi, huku Erdmuthe akibeba mzigo wa mali na madeni. Alifariki mwaka wa 1760, akazikwa Herrnhut pamoja na wale wakimbizi wake.

Wapendwa, sisi hulilia moto wa Agosti na kuruka ile kazi ya Mei. Mimi pia nimeiruka. Kwa hivyo Jumamosi nitapanda matatu niende kwa kaka yangu mkubwa, na sitabeba hati ya shamba. Niombeeni.