Ernie Davis

Wavulana wa Mwanza hupiga mpira kwa mguu kando ya ziwa. Huko Marekani uko mpira mwingine, wenye umbo la yai, ambao mchezaji huukumbatia na kukimbia nao. Katika mchezo huo Ernie Davis alipata sifa kuu.

Alizaliwa mwaka 1939. Hakupata kumjua baba yake, akalelewa na babu na bibi. Alipotimia miaka 12 alikwenda kukaa na mama yake mjini Elmira, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Syracuse.

Tarehe 1 Januari 1960, mjini Dallas, timu ya chuo chake iliishinda ile ya Texas, naye akachaguliwa kuwa mchezaji bora. Lakini aliambiwa aipokee zawadi yake na kuondoka karamuni mara moja, kwa sababu alikuwa mtu mweusi. Fedheha ile haikumvunja moyo. Alirudi chuoni, akazidi kujitahidi.

Mwaka 1961 alipewa sanamu ya Heisman, ambayo kila mwaka hupewa mchezaji mmoja awapitaye wenzake wa vyuo vyote. Tangu mwaka 1935 hapakuwa na mtu mweusi aliyeipata. Rais Kennedy mwenyewe alimpa mkono.

Mwaka uliofuata alishikwa na saratani ya damu. Alikufa tarehe 18 Mei 1963, mwenye umri wa miaka 23.

Basi, watoto, fikirini: waliomnyima karamu hawakuweza kumnyang'anya alichokipata kwa jasho lake.