Askofu Selwyn, Mwanafunzi wa Bahari

Safari hii tunamkumbuka George Augustus Selwyn, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1809. Mwaka 1841 aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa kwanza wa New Zealand, nchi ya visiwa ambako siku zile barabara zilikuwa chache, na njia kuu ilikuwa bahari.

Safari ya merikebu kwenda huko ilichukua miezi. Askofu hakukaa bure akingoja kufika. Alijifunza Kimaori kwa kijana wa Kimaori aliyekuwa akirejea kwao, akajifunza na unahodha: kupima jua, kusoma ramani ya bahari na kujua chombo kiko wapi. Aliwasili mwezi Mei 1842, na tangu hapo alizoea kuzizunguka pwani ndefu za dayosisi yake kwa vyombo vya matanga.

Mwaka 1849 alikwenda mbali zaidi, hadi visiwa vya Melanesia, kwa jahazi lake Undine la tani 20 hivi. Hakuchukua silaha, ingawa miaka 10 kabla yake mmisionari John Williams aliuawa katika kisiwa cha Erromanga. Alirudi salama na vijana watano, wakasome Auckland. Ndivyo ilivyoanza Misioni ya Melanesia.

Alifariki mwaka 1878 akiwa Askofu wa Lichfield, Uingereza.

Askofu mzima alikubali kufundishwa na kijana. Sisi tulio watu wazima kanisani, je, twakubali kufundishwa na nani?