Albert Camus

Albert Camus (Mondovi, Algeria, 7 Novemba 1913 – Villeblevin, Ufaransa, 4 Januari 1960) alikuwa mwandishi, mwandishi wa habari na mwanafalsafa aliyeandika kwa Kifaransa. Mwaka 1957 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, akawa mtu wa kwanza aliyezaliwa barani Afrika kuipata tuzo hiyo. Mara nyingi anahesabiwa miongoni mwa waandishi wa udhanaishi, ingawa mwenyewe alikataa kuitwa hivyo.

Maisha ya awali

Camus alizaliwa katika familia maskini ya walowezi wakati Algeria ilipokuwa koloni la Ufaransa. Baba yake, Lucien, alikuwa mfanyakazi wa mashamba ya mizabibu. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza aliitwa jeshini, akajeruhiwa katika mapigano ya Marne na kufariki mwezi Oktoba 1914. Albert alikuwa hajatimiza mwaka mmoja. Mama yake, Catherine Sintès, aliyekuwa na asili ya Hispania, hakujua kusoma wala kuandika na alikuwa hasikii vizuri. Alihamia kwa mama yake mzazi katika mtaa wa Belcourt, jijini Algiers, akawalea wanawe wawili kwa kazi ya kusafisha nyumba za watu.

Mwalimu wake wa shule ya msingi, Louis Germain, aliona kipaji cha mtoto huyo. Bibi yake alitaka mjukuu aanze kazi mapema ili asaidie nyumbani, lakini mwalimu alimshawishi akubali, akamfundisha Albert bila malipo hadi akapata nafasi ya masomo ya sekondari mwaka 1924. Miaka 33 baadaye Camus alizitoa kwa heshima ya mwalimu huyo hotuba alizozisoma nchini Sweden alipopokea Tuzo ya Nobel.

Akiwa kijana alicheza mpira wa miguu kama golikipa katika timu ya vijana ya Racing Universitaire d'Alger. Mwaka 1930 aligundulika kuwa na kifua kikuu, akalazimika kuacha mpira. Alisoma falsafa katika Chuo Kikuu cha Algiers na kumaliza mwaka 1936 kwa tasnifu iliyowahusu Plotino na Agostino wa Hippo. Kwa sababu ya ugonjwa hakuruhusiwa kufanya mtihani wa kuwa mwalimu wa ngazi ya juu.

Uandishi wa habari na vita

Alijiunga na Chama cha Kikomunisti mwaka 1935, akafukuzwa mwaka 1937. Mwaka 1938 aliajiriwa na gazeti la Alger Républicain. Mwaka uliofuata aliandika mfululizo wa makala kuhusu njaa na umaskini wa wananchi wa Kabylie, akiilaumu serikali ya kikoloni kwa ujira mdogo na uhaba wa shule. Gazeti lilipofungwa alikosa kazi, akaenda Paris mwaka 1940. Mwaka huohuo alifunga ndoa ya pili, na Francine Faure. Mwaka 1945 walipata watoto pacha, Catherine na Jean.

Mwaka 1942 alikwenda Ufaransa kwa matibabu, na vita ikamtenganisha na mke wake aliyekuwa amerudi Algeria. Alijiunga na harakati za kupinga utawala wa Wajerumani, akawa mhariri wa gazeti la siri lililoitwa Combat. Mwezi Agosti 1945, siku chache baada ya bomu la atomu kuangushwa Hiroshima, alikuwa miongoni mwa wahariri wachache waliolaani kitendo hicho badala ya kukishangilia.

Mawazo na vitabu

Swali kuu la Camus ni hili: ikiwa binadamu anatafuta maana na ulimwengu haumjibu, aishi vipi? Hali hiyo ya swali lisilo na jibu aliiita ubwege. Katika insha ya Le Mythe de Sisyphe (Hadithi ya Sisifo, 1942) anamtumia mfalme wa hadithi za Wagiriki aliyehukumiwa kusukuma jiwe hadi kileleni mwa mlima, likaporomoka, akaanza upya milele. Camus anakataa kujiua na vilevile kujifariji kwa matumaini ya uongo. Kwake, anayeifahamu hali yake na bado akaendelea na kazi ameshaishinda.

Riwaya ya L'Étranger (Mgeni, 1942) inamhusu Meursault, karani wa Algiers anayemuua Mwarabu ufukweni. Mahakamani anahukumiwa kifo, na jambo linalomwangamiza zaidi ni kwamba hakulia katika mazishi ya mama yake. Wahakiki wa baadaye wamehoji kwa nini Mwarabu huyo hakupewa hata jina. Mwandishi wa Algeria Kamel Daoud alijibu kwa riwaya ya mwaka 2013 inayosimuliwa na ndugu wa marehemu.

La Peste (Tauni, 1947) inasimulia mji wa Oran uliofungwa kwa sababu ya tauni. Daktari Rieux hana hakika ya kushinda, lakini anaendelea kuwahudumia wagonjwa. Wengi waliisoma kama mfano wa Ufaransa chini ya Wajerumani. Ilisomwa tena sana wakati wa UVIKO-19.

Katika L'Homme révolté (Mwasi, 1951) alipinga mauaji yanayohalalishwa kwa jina la mapinduzi, yakiwemo ya Umoja wa Kisovyeti. Kitabu hicho kilivunja urafiki wake na Jean-Paul Sartre mwaka 1952.

Suala la Algeria

Vita vya ukombozi wa Algeria vilianza mwezi Novemba 1954. Camus alitaka Waarabu wapewe haki sawa, lakini hakuunga mkono uhuru kamili wala mashambulizi dhidi ya raia. Mwezi Januari 1956 alikwenda Algiers kuziomba pande zote mbili zisiwaue raia. Walowezi waliokusanyika nje ya ukumbi walipiga kelele wakitaka auawe, na wito wake haukufanikiwa. Baada ya hapo alinyamaza kwa muda mrefu hadharani, huku akiandika barua kwa siri kuwaombea Waalgeria waliohukumiwa kifo. Kila upande ulimwona msaliti. Mama yake alikuwa bado anaishi Algiers, na Camus hakuficha kwamba usalama wa mama huyo ulikuwa na uzito katika msimamo wake.

Mwaka 1957 alitoa pia insha dhidi ya adhabu ya kifo. Ndani yake alieleza jinsi baba yake alivyokwenda kutazama muuaji akikatwa kichwa, akarudi nyumbani akitapika.

Kifo

Camus alifariki katika ajali ya gari lililoendeshwa na rafiki yake Michel Gallimard, ambaye naye alikufa siku chache baadaye. Mfukoni alikuwa na tiketi ya treni ambayo hakuitumia. Alizikwa Lourmarin, kusini mwa Ufaransa. Katika mabaki ya gari ulipatikana mswada wa riwaya kuhusu utoto wake, Le Premier Homme (Mtu wa Kwanza), uliochapishwa mwaka 1994.

Udhanaishi katika fasihi ya Kiswahili

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wameuona udhanaishi hasa katika kazi za Euphrase Kezilahabi wa Tanzania, zikiwemo riwaya za Kichwamaji (1974) na Dunia Uwanja wa Fujo (1975), ambamo wahusika wanahangaika na swali lilelile la maana ya maisha.