James Hutton na Asili ya Graniti

Kwetu Ankole wazee wengi walichimba bati huko Mwirasandu, nami tangu utoto nilisikia ya kuwa bati hutafutwa jirani na graniti. Sababu yake sikuijua mpaka niliposoma maisha ya James Hutton.

Bwana huyu alizaliwa Edinburgh, Scotland, mwaka 1726. Babaye alifariki yeye angali mtoto mdogo. Alitiwa kwa wakili ajifunze sheria, lakini akawa akifanya majaribio ya kemia badala ya kunakili hati, akaondolewa. Akasomea udaktari, akapata shahada Leiden mwaka 1749, wala hakuufanya, akawa mkulima. Kule shambani, akitazama mvua ikichukua udongo, aliwaza sana habari za dunia.

Siku zile wataalamu wengi walifundisha ya kuwa graniti ilijitenga katika maji ya bahari ya kale, nayo ndiyo jiwe la kwanza kuliko yote. Hutton alisema sivyo. Ilikuwa uji wa moto uliopanda kutoka chini. Mwaka 1785 maneno hayo yalisomwa mbele ya chama cha wataalamu wa Edinburgh, na ushahidi wake ulikuwa haba. Maana kama graniti ni changa kuliko mawe mengine, haina budi kuonekana imeyapenya. Basi Septemba ile ile, mtu wa miaka 59, akafunga safari na rafiki yake John Clerk mpaka bonde la Glen Tilt. Mtoni akaona mishipa ya graniti nyekundu imepasua mawe meusi na kuingia ndani yake. Alishangilia hata waliomwongoza wakadhani ameona dhahabu au fedha.

Mimi siwacheki. Leo tunajua graniti za bati hutokana na mawe ya chini sana, makumi ya kilometa, yaliyoyeyuka kwa joto. Uji ule hupanda, hupoa polepole. Bati halipati nafasi katika chembe za jiwe, hubaki katika maji ya moto ya mwisho, nayo hulitia katika nyufa za mawe ya jirani. Hapo Hutton alikosa, maana alidhani hata madini yaliingia nyufani kwa kuyeyushwa na moto tu, bila maji.

Kitabu chake kilitoka mwaka 1795, kirefu na kigumu mno. Akafa mwaka 1797, na wengi hawajamkubali. Rafiki yake John Playfair akaieleza elimu ile kwa lugha nyepesi mwaka 1802. Na James Hall akayeyusha mawe tanuruni, akayapoza polepole, yakarudi kuwa mawe ya chembechembe. Hall alitaka kufanya jaribio hilo zamani, ila mzee hakulipenda, naye kwa heshima akangoja mpaka amezikwa.