Samuel Colt na Thamani ya Bastola Adimu

Wapo wanaodhani kwamba silaha kuukuu hupata thamani kwa ukongwe wake tu. Mimi siafiki. Maisha ya Samuel Colt, aliyezaliwa Hartford, Marekani, mwaka 1814, yanaonyesha vingine.

Ujanani alizunguka mijini akijiita daktari, akiwavutisha watu gesi ya kuchekesha kwa malipo, ili agharimie bastola yake yenye silinda izungukayo. (Ujanja wa biashara haukumpungukia.) Alipata hataza mwaka 1836, lakini kiwanda chake cha Paterson kilifilisika mwaka 1842.

Vita vya Marekani na Mexico ndivyo vilivyomwinua. Kwa ushauri wa Kapteni Samuel Walker, alibuni bastola ya takriban kilo 2, na serikali ikaagiza 1,000. Kwa kuwa hakuwa na kiwanda, mwaka 1847 alizitengenezea katika kiwanda cha Eli Whitney mdogo, akaongeza 100 hivi za raia. Kisha akahamia muundo mwepesi zaidi. Wingi wa baruti ulipasua silinda za baadhi yake, nyingine zikapotelea vitani. Walker mwenyewe aliuawa Mexico mwaka huo huo.

Simsifu Colt: aliwauzia silaha watu wa Kaskazini na wa Kusini hadi walipoanza kupigana mwaka 1861. Alifariki mwaka uliofuata, tajiri wa miaka 47. Mwaka 2018, moja ya zile za raia, ikiwa na kasha lake la asili, ilinadiwa kwa dola milioni 1.84.