Saini ya Benson Masya na safari yangu ya Kitui

Wiki hii nawaomba mniwie radhi, nawatoa Pwani niwapeleke bara, Kitui, kwa sababu ya karatasi moja iliyonikosesha usingizi tangu mwezi wa Rajabu.

Wanaonijua wanayajua maradhi yangu. Kuna wanaofuga njiwa na kuna wanaokusanya saa mbovu. Mimi nakusanya vitu vya kale vya michezo. Tiketi za mechi, vijitabu vya mashindano, namba za kifuani za wakimbiaji, picha, na zaidi ya yote saini za wachezaji. Nilianza na picha ya Feisal, timu yetu ya Mombasa iliyochukua ubingwa wa Kenya mwaka 1965, niliyopewa na ami yangu nikiwa kidato cha pili. Tangu hapo sijapona. Mke wangu hulita kabati langu kaburi la makaratasi, nami sijapata jawabu la kumpa.

Basi mwaka huu muuzaji mmoja wa vitabu vya mitumba aliniletea kijitabu cha mbio za Great North Run za mwaka 1992, zile zinazokimbiwa Uingereza kutoka Newcastle hadi South Shields. Ndani yake, kwa kalamu ya wino wa buluu, palikuwa na saini ya Benson Masya, na chini yake tarehe: 4/10/03. Aliniapia kwamba aliyekuwa nacho kwanza alitiliwa saini na Masya mwenyewe, Kitui. Nikatoa shilingi 4,000 bila kupatana sana, jambo ambalo kwa mtu wa Mombasa ni dalili ya homa.

Wiki mbili baadaye nikapata mnunuzi ng'ambo, mkusanyaji kama mimi ila mwenye mfuko mrefu. Kiasi alichotaja kingelipa karo ya binti yangu ya muhula mzima, na muhula ulikuwa umebaki siku kumi na nane. Alitaka jambo moja tu: nimweleze saini ilitiwa wapi, lini na kwa njia gani.

Hapo nikagundua aibu yangu. Nilikuwa na saini ya mtu ambaye sikuyajua maisha yake. Nilijua jina, nilijua alikuwa mkimbiaji, nilijua ni marehemu. Basi. Na kwa kuwa upande wa wakwe zangu kulikuwa na harusi Kitui, nilikitia kijitabu ndani ya bahasha, bahasha ndani ya msahafu wa mkoba wangu wa vitabu, nikapanda basi.

Zamani kwenda Kitui kutoka Pwani kulitaka uzunguke mpaka Machakos. Siku hizi unashukia Kibwezi, Makueni, unaingia barabara ya lami ya Ikutha na Mutomo, unauvuka mto Athi, na kabla ya alasiri umefika. Na Kitui si ugenini kama wengi wetu tunavyodhani. Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Wakamba, alikuwa akishuka na misafara yake mpaka kwetu Mombasa, na ni kwake Kitui ndiko alikokuwa Krapf, yule mmishonari wa Rabai, alipouona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849. Waswahili nao walipanda huko na biashara zao wakabaki. Ukiwa mjini Kitui adhana unaisikia, na mahamri unayapata, ingawa iliki wanaibania.

Benson Masya alizaliwa huko Kitui tarehe 14 Mei 1970. Na hapa pana jambo la kwanza ambalo sikulijua: hakuanza na mbio. Alikuwa bondia. Ukifikiri vizuri si ajabu, kwa kuwa bondia yeyote anayejiheshimu hukimbia alfajiri kabla ya kugusa glavu, na wengine hugundua barabarani kwamba miguu yao ina akili kuliko ngumi zao. Lakini Kitui si Iten. Iten iko juu, takriban mita 2,400, hewa nyembamba, na kila asubuhi barabara imejaa vijana wanaokimbia. Mji wa Kitui uko kidogo tu juu ya mita 1,100, jua kali, mchanga mwekundu, na mtoto anayekimbia huulizwa amefukuzwa na nani. Kutoka mahali kama hapo ukawa bingwa wa dunia, hilo si jambo dogo.

Mwaka 1991 ulikuwa mwaka wake wa kujulikana. Alishinda Great North Run kwa saa 1, dakika 1 na sekunde 28, na Desemba ya mwaka huohuo akashinda marathoni ya Honolulu, kule Hawaii. Alikuwa na miaka 21.

Mwaka uliofuata shirikisho la riadha la dunia lilianzisha ubingwa wa dunia wa nusu marathoni, kilomita 21 na ushei. Mara ya kwanza kabisa hayakutafutiwa njia mpya, yaliunganishwa na hiyo Great North Run, tarehe 20 Septemba 1992. Kwa hiyo mbio moja ilikuwa na mataji mawili, na Masya akayachukua yote mawili. Alimaliza kwa saa 1 na sekunde 24. Antonio Silio wa Argentina alikuwa nyuma yake kwa sekunde 16, na wa tatu, kwa sekunde 5 nyuma ya Silio, alikuwa Boay Akonaay wa Tanzania. Kenya ikachukua na ubingwa wa timu kwa upande wa wanaume. Mabingwa wa dunia wa nusu marathoni wamekuja wengi tangu siku hiyo, wengi wao Wakenya, lakini orodha hiyo, ukiisoma kutoka juu, jina la kwanza ni la kijana wa Kitui. Hakuna atakayemtoa hapo.

Desemba 1992 akarudi Honolulu akashinda tena kwa saa 2, dakika 14 na sekunde 19. Nyuma yake alimaliza Cosmas Ndeti wa Machakos, Mkamba mwenziwe, ambaye miezi minne tu baadaye alikwenda kushinda Boston, na kuishinda tena mwaka 1994 na 1995. Watu wanapozungumzia wakimbiaji wa Kenya huangalia Bonde la Ufa peke yake. Ukambani imetoa watu hawa wawili, na baadaye Patrick Makau aliyeweka rekodi ya dunia ya marathoni mjini Berlin mwaka 2011.

Mwaka 1994 Masya alishinda Great North Run mara ya tatu. Muda wake ulikuwa saa 1 na sekunde 2. Mimi muda huo unaniuma kama mimi ndiye niliyekimbia. Sekunde mbili! Ni muda wa kupangusa jasho usoni. Desemba akashinda Honolulu kwa mara ya tatu, na mwaka 1996 akaongeza Great North Run ya nne. Ushindi huo wa mara nne kwa upande wa wanaume ulisimama miaka mingi, mpaka Mo Farah, Muingereza mwenye asili ya Kisomali, alipomfikia mwaka 2017 na kumpita mwaka 2018.

Kuna kitu kimoja nilikiona nikiwa nimekaa na ramani barazani kwa wenyeji wangu, na nadhani ni sisi watu wa Pwani tu tungekiona. Great North Run inaanzia mjini Newcastle, inauvuka mto Tyne, na mwisho wake inateremka mteremko mkali mpaka baharini, na maili ya mwisho inakimbiwa kandokando ya bahari. Honolulu nako unamalizia bustani ya Kapiolani, jirani na ufuo wa Waikiki, katika joto la unyevunyevu kama letu la Machi. Yaani ushindi saba mkubwa wa mtu huyu, mtoto wa nchi kavu inayolilia mvua, wote aliupata akiwa ameuelekeza uso wake baharini.

Baada ya hapo simulizi inakuwa fupi, na sitairefusha kwa maneno ya vijiweni. Masya alifariki tarehe 24 Septemba 2003. Ilikuwa imetimu miaka kumi na moja na siku nne tangu ile siku ya South Shields. Alikuwa na miaka 33. Seraphino Antao wetu, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1937 na kushinda dhahabu mbili Perth mwaka 1962, aliishi hadi 2011. Waliotaka saini yake walikuwa na nusu karne ya kumtafuta. Waliotaka ya Masya walikuwa na miaka kumi na miwili tu, na mingi katika hiyo alipokuwa akishinda mbali na kwao, mbele ya watu waliokuwa na kalamu mfukoni. Ndiyo maana saini yake ni adimu, na ndiyo maana ina bei.

Bila shaka msomaji makini ameshaona nilichochelewa kukiona.

Mimi nilionyeshwa. Jirani wa wenyeji wangu ni mzee mmoja, fundi cherehani aliyestaafu, ambaye ana sanduku la bati chini ya kitanda. Nilipomweleza shida yangu alilivuta, akatandaza mkeka. Vipande vya magazeti, miaka na miaka ya kurasa za michezo, kila kimoja kimeandikwa tarehe pembeni kwa penseli ya kuchorea nguo. Hakuvigundisha kwa gundi wala hakuvipitisha kwenye plastiki ya moto, kosa ambalo wengi wetu hulifanya tukidhani tunahifadhi kumbe tunaua karatasi. Ameviweka vimelala, vikavu, na majani ya mwarobaini ya kufukuza wadudu. Mimi na hewa yetu ya chumvi inayokula kila kitu nilimwonea wivu. Nikamtajia bei ya kipande cha Septemba 1992. Alicheka, akaniambia kwa upole kwamba mwanawe hauzi.

Kisha akakiomba kijitabu changu. Alikitazama jalada, akakipenda. Akaifikia saini, akaitazama tarehe, akanyamaza. Alipekua sandukuni akatoa kipande kingine, kidogo, cha habari ya msiba, na penseli yake pembeni ikisema Septemba 2003. Akaviweka viwili sambamba juu ya mkeka, akaenda kutawadha.

Tarehe 4 Oktoba 2003 Masya alikuwa ameshafariki siku kumi.

Nitawaambia ukweli wa nafsi yangu, maana mkusanyaji akishatoa pesa huwa wakili wa kitu chake. Usiku ule nilijiambia kwamba Wamarekani hutanguliza mwezi. Kwa hesabu yao, 4/10/03 ni tarehe 10 Aprili, na Aprili alikuwa hai. Na mtu huyu si alikwenda Marekani mara nyingi? Labda alizoea. Nililala nayo hiyo labda. Lakini muuzaji alisema ilitiwa Kitui, kwa Mkenya, na sisi hutanguliza siku. Asubuhi niliigeuza karatasi nikaipapasa kwa nyuma: mkandamizo wa kalamu ulikuwa sawa tangu herufi ya kwanza hadi ya mwisho, kama wa mtu anayechora pole pole kitu kilicho mbele yake. Anayetia saini yake mwenyewe huwa na haraka, kalamu inakandamiza hapa inaruka pale. Hilo peke yake si ushahidi. Pamoja na tarehe, liliniishia.

Mnunuzi wangu hakuwa na habari ya haya. Ningeweza kumwandikia kwamba ni Aprili, na hakika angeniamini, kwa kuwa alitaka kuamini kama nilivyotaka mimi. Karo ilikuwa imebaki siku tisa. Lakini kuuza kitu huku unaijua ila yake na kuificha, sote tumelelewa tukijua hukumu yake, hata aliyekaa chuoni mwezi mmoja. Nilimwandikia yote mawili, Aprili na Oktoba, mzee na sanduku lake. Alijibu siku ya pili, akanishukuru, akajitoa. Karo nililipa nusu, nusu nikaomba nilipe mwisho wa mwezi.

Muuzaji wangu wa mitumba naye anaapa kwamba aliuziwa hivyo hivyo, na huenda ni kweli. Alinirudishia 1,500. Kijitabu chenyewe ni halali, cha mbio zenyewe, mwaka wenyewe, kwa hiyo nimekirudisha kabatini. Nimetia karatasi ndani inayoeleza kwamba saini si ya Masya na kwa nini, ili nikifa wanangu wasije wakamuuzia mtu.

Juzi mzee alinipigia simu. Amepata kipande cha ushindi wa 1996 alichodhani kimepotea, kilikuwa kimekunjwa ndani ya kitabu cha vipimo vya nguo. Bado hauzi. Lakini nikipanda tena Kitui, anasema, nije na halua ya Mombasa, ile nyeusi, na atanisomea.