Kiichiro Toyoda, mtu aliyeanzisha Toyota na kufa kabla haijapata jina zuri

Katika Kivu, Ituri au Katanga, mtu anayetafuta motokari ya kuvumilia matope na mashimo hutaja Toyota bila kufikiri sana. Mafundi wanaijua, vipande vya kubadilisha vinapatikana, na hata ikizeeka bado inapata mnunuaji. Lakini kampuni hiyo haikuzaliwa na sifa hiyo. Lori zake za kwanza ziliuzwa kwa bei ya chini kuliko za Wamarekani, na ziliharibika njiani mara kwa mara. Mtu aliyezitengeneza, Mjapani Kiichiro Toyoda, alifariki mwaka wa 1952 akiwa na miaka 57, na sehemu kubwa ya sifa inayojulikana leo ilikuja nyuma yake.

Kiichiro alizaliwa tarehe 11 mwezi wa sita mwaka wa 1894, katika kijiji kilicho leo ndani ya mji wa Kosai, jimbo la Shizuoka. Baba yake, Sakichi Toyoda, alikuwa mwana wa seremala, na alikuwa amejitoa kabisa kwa jambo moja: kutengeneza mashine za kufuma nguo. Mama yake, Tami, aliondoka nyumbani mtoto akiwa bado mchanga. Kiichiro alikua kati ya mbao, uzi na kelele za mashine, na baba ambaye mawazo yake yalikuwa mbali na nyumba.

Alisoma uhandisi wa mashine katika Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo, akamaliza mwaka wa 1920. Kisha aliingia katika kazi ya jamaa. Miaka ya 1921 na 1922 alisafiri Marekani na Uingereza, na kule Oldham alijifunza kazi ndani ya kiwanda cha Platt Brothers, kampuni kubwa ya mashine za kufuma. Aliporudi alifanya kazi na baba yake juu ya mashine iliyokamilika mwaka wa 1924, iliyojulikana kama aina ya G. Mashine hiyo ilibadilisha uzi yenyewe bila kusimama, na ilisimama yenyewe mara tu uzi ulipokatika, ili nguo mbaya isiendelee kufumwa. Mwaka wa 1929 Waingereza wale wale wa Platt walikubali kulipa pauni 100,000 kwa haki ya kuitengeneza. Mwalimu amenunua kazi ya mwanafunzi. Sakichi alikufa mwaka uliofuata.

Mchezo wa tajiri

Wakati huo, karibu motokari zote zilizokuwa barabarani Japani zilikuwa za Wamarekani. Tetemeko kubwa la mwaka wa 1923 lilipoharibu reli za Tokyo, mji uliagiza mamia ya lori za Ford na kuzigeuza basi. Ford ilifungua kiwanda cha kuunganisha motokari Yokohama mwaka wa 1925, General Motors ikafanya hivyo Osaka mwaka wa 1927. Matajiri wakubwa wa Japani waliangalia hesabu na kuogopa. Kushindana na kampuni hizo mbili kulionekana kama kutupa feza mtoni.

Kiichiro alianza kwa siri kidogo, ndani ya kiwanda cha mashine za kufuma kule Kariya. Mwezi wa tisa mwaka wa 1933 kitengo cha motokari kilianzishwa. Walinunua Chevrolet moja, wakaifungua kipande kwa kipande, wakachora kila kitu. Mwezi wa kwanza mwaka wa 1934 mkutano wa wenye hisa ulikubali rasmi, na mtaji wa kampuni ukapandishwa kutoka yen milioni 1 hadi milioni 3. Shemeji yake, Rizaburo, aliyeongoza kampuni, alikuwa na wasiwasi mkubwa. Na alikuwa na haki. Feza ya nguo, iliyopatikana kwa jasho la miaka mingi, ilikuwa inawekwa katika kazi ambayo hakuna mtu ndani ya nyumba aliyeijua.

Kunakili kwa macho ni rahisi. Taabu ilikuwa chuma. Kipande kikubwa cha injini, kile chenye matundu ya pistoni, hutengenezwa kwa kumimina chuma kilichoyeyuka ndani ya umbo la mchanga. Mafundi wa Kariya walimimina, wakafungua, wakakuta chuma kina mapovu na nyufa. Walitupa, wakarudia, wakatupa tena. Injini ya kwanza ilipokamilika mwaka wa 1934, nguvu yake ilikuwa chini ya ile ya Chevrolet waliyoiga, na ilibidi kichwa chake kichorwe upya.

Lori iliyovunjika ikienda kuonyeshwa

Haraka ndiyo iliyoharibu mengi. Serikali ya Japani, iliyokuwa tayari na vita katika akili, ilikuwa inatayarisha sheria ya kuzipa nafasi kampuni chache za inchi na kuwafungia Wamarekani mlango. Asiyekuwa na motokari ya kuonyesha angebaki inje. Kiichiro alipenda kutengeneza gari ndogo za raia, lakini serikali na jeshi walitaka lori. Kwa hiyo lori ya G1 ilichorwa na kutengenezwa kwa miezi michache tu, ikatangazwa Tokyo mwezi wa kumi na moja mwaka wa 1935. Ikiwa safarini kutoka Kariya kwenda kwenye sherehe hiyo, kipande cha usukani kilivunjika, na mafundi walilazimika kuitengeneza barabarani usiku.

Mambo hayakuwa mazuri zaidi kwa wanunuaji. Sehemu za nyuma zinazobeba mzigo zilivunjika, injini zilisumbua. Bei ilikuwa yen 3,200, karibu yen 200 chini ya lori za Ford na Chevrolet, na kampuni ilipata hasara kwa kila lori. Bei hiyo ilipangwa na Shotaro Kamiya, mtu aliyeacha kazi ya General Motors Japani ili kuja kuuza motokari ambazo bado hazikuwa na jina. Kamiya alijua kwamba hakuna mtu atakayelipa bei sawa na ya Chevrolet kwa lori isiyojulikana.

Hapa ndipo Kiichiro na Kamiya walipofanya chaguo lililokuja kuwa na faida kubwa baadaye. Hawakusambaza lori inchi nzima. Waliziuza kwanza karibu na Nagoya, mahali ambapo mafundi wa kiwanda wangeweza kufika haraka. Lori ikiharibika, waliifuata, wakaitengeneza bila kumlipisha mwenye mali, kisha wakarudi na kipande kilichovunjika ili kichunguzwe na kichorwe upya. Kiichiro mwenyewe hakuwa mkubwa wa kukaa ofisini. Alitaka wahandisi wake washike mafuta kwa mikono na waangalie kitu chenyewe. Ni mafundisho ya ile mashine ya kufuma: uzi ukikatika, simama, angalia. G1 zilizotengenezwa hazikufika hata 400.

Mwaka wa 1936 sheria ilipita na kampuni ikapewa kibali. Mwaka huo pia jina lilibadilika. Watu walialikwa kupendekeza alama, barua karibu 27,000 zikaja, na Toyoda ikawa Toyota. Kwa maandishi ya Kijapani jina jipya linaandikwa kwa mistari 8, hesabu inayochukuliwa kuwa ya bahati, na tena halikuwa jina la jamaa tu. Tarehe 28 mwezi wa nane mwaka wa 1937 kampuni ya motokari ilijitegemea. Mwezi wa kumi na moja 1938 kiwanda kikubwa kilifunguliwa Koromo, na humo Kiichiro alileta wazo lake la kutengeneza kila kipande kwa wakati kinapohitajiwa, bila kujaza ghala.

Lakini ukweli usifichwe: mnunuaji mkubwa wa miaka hiyo alikuwa jeshi. Lori za Toyota zilikwenda katika vita vya China, inchi ambayo raia wake waliteseka vibaya. Ford na General Motors walisukumwa hadi wakaacha kutengeneza Japani mwaka wa 1939. Toyota ilipata soko bila mshindani, na soko la namna hiyo halifundishi kampuni kutengeneza kitu kizuri. Wakati wa vita chuma kilikosekana, na lori zilitoka na vitu vinavyopungua.

Mwaka wa 1950

Vita vilipoisha mwaka wa 1945, Kiichiro, aliyekuwa mkubwa wa kampuni tangu 1941, hakujua kama wafanya kazi wake watapata chakula. Alitafuta kazi yoyote. Mtoto wake Shoichiro alitumwa Wakkanai, kaskazini kabisa mwa inchi, kujifunza kusindika samaki. Waliruhusiwa kutengeneza lori, kisha gari ndogo kidogo kidogo.

Mwaka wa 1949 mshauri Mmarekani, Joseph Dodge, mwenye benki kutoka Detroit, aliilazimisha serikali ya Japani kukaza matumizi ili kuvunja kupanda kwa bei. Feza zikapotea sokoni. Watu waliochukua lori kwa mkopo hawakuweza kulipa. Mwisho wa mwaka Toyota ilihitaji karibu yen milioni 200 ili isife, na tawi la Benki ya Japani kule Nagoya liliwashawishi wenye benki wengine kuikopesha. Masharti yalikuwa magumu: kitengo cha kuuza kitengwe kiwe kampuni nyingine, na watu wapunguzwe.

Kiichiro alikuwa amekubaliana na chama cha wafanya kazi kwamba mishahara itapunguzwa asilimia 10, na hakuna atakayefukuzwa. Wafanya kazi walitimiza upande wao. Mwezi wa inne mwaka wa 1950 kampuni iliomba watu 1,600 waondoke. Mgomo ulidumu karibu miezi miwili, na hasira yao inaeleweka. Kiichiro, mgonjwa wa damu kupanda, aliona kwamba hawezi kuwaondoa watu na yeye kubaki kitini. Tarehe 5 mwezi wa sita alijiuzulu. Watu zaidi ya 2,000 waliondoka pia, wakabaki karibu 6,000.

Siku 20 baada ya kujiuzulu kwake, vita vya Korea vilianza. Jeshi la Marekani liliagiza lori 1,000 katika mwezi wa saba pekee, na hesabu hiyo ikafika 4,679 mwaka uliofuata. Kampuni ilipona. Taizo Ishida, aliyechukua nafasi yake, hakusahau nani alilipa, na mwanzoni mwa 1952 alimwomba Kiichiro arudi. Alikubali. Tarehe 27 mwezi wa tatu, kabla ya kurudi kitini, alikufa kwa damu kuvuja ndani ya ubongo.

Jina linageuka

Mwaka mmoja kabla ya kifo chake, gari moja ya Toyota yenye nguvu kwa magurudumu yote, iliyopewa herufi BJ, ilipanda Mlima Fuji hadi kituo cha sita. Chini ya kifuniko chake mlikuwa injini ya lori, mjukuu wa ile iliyotokana na Chevrolet. Mwaka wa 1954 gari hiyo iliitwa Land Cruiser.

Hata hivyo sifa haikuja mara moja. Mwaka wa 1957 Toyota ilipeleka Marekani gari yake ya Crown. Ilikuwa nzito na ngumu, imetengenezwa kwa barabara mbaya za Japani, na kwenye barabara laini na za mbio za California ilikosa nguvu na injini ikapata moto kupita kiasi. Mwaka mzima wa 1958 waliuza 287, pamoja na Land Cruiser moja tu. Mwisho wa 1960 walisimamisha kupeleka gari ndogo, wakabaki na Land Cruiser, ile iliyozoea taabu. Walirudi mwaka wa 1965 na Corona yenye injini ya nguvu zaidi, na safari hii watu walinunua. Mwaka huo huo kampuni ilipewa zawadi ya Deming, ambayo Japani huwapa wanaoshinda katika ubora wa kazi. Corolla ilitoka mwaka wa 1966, na mwaka wa 1997 jina hilo lilipita Beetle ya Volkswagen kwa hesabu ya magari yaliyouzwa duniani.

Mji wa Koromo uliitwa Toyota kuanzia 1959. Kampuni mbili zilizotenganishwa na wenye benki mwaka wa 1950, ile ya kutengeneza na ile ya kuuza, ziliungana tena mwezi wa saba mwaka wa 1982. Aliyewekwa kuziongoza pamoja alikuwa Shoichiro, yule kijana aliyetumwa kujifunza kusindika samaki.